Vekta za Jumamosi

Hesabu ilikwenda sawa tangu mstari wa kwanza, halafu kwenye mstari wa mwisho jibu likaharibika. Ngowa aliiweka karatasi ile kando, akachukua nyingine. Yaleyale. Darasa zima la kidato cha nne, katika swali la vekta, lilikuwa limeteleza mahali pamoja. Hata Kahindi, ambaye hakuwahi kushindwa na hesabu tangu aingie shule ile ya Tononoka.

"Wafika mlangoni, kisha wageuka," alimwambia Mwende, mwalimu mwenzake wa hisabati. "Sielewi."

Mwende alizipitia karatasi taratibu. "Na mada nyingine?"

"Zote wamefaulu. Ni vekta tu."

Vekta alizifundisha yeye, na hilo ndilo lililomuuma.

"Basi tuwafundishe sote wawili," Mwende akasema. "Jumamosi."

Ngowa alikubali upesi. Mwaka mzima alikuwa akitafuta neno la kumwambia Mwende lisilohusu hesabu, na kila alipomkaribia, ulimi uliganda.

Jumamosi wakafundisha. Ubaoni, watoto walijibu kila kitu. Baada ya somo walimu wale wakateremka Makadara kula viazi vya karai, wakazungumza vekta mpaka mchuzi wa ukwaju wa kuchovyea ukawaishia.

Jaribio lililofuata, darasa likaanguka vekta vilevile.

Bwana Odera, mwalimu mkuu, alimwita Ngowa ofisini. "Mtihani wa taifa umekaribia. Vekta zisipowaingia watoto hawa, darasa hilo nitampa mtu mwingine."

Ngowa alitoka akijipangusa jasho.

"Usihofu," Mwende alimtuliza. "Tuwape Jumamosi nyingine."

Wakawapa nyingine, na nyingine tena. Pale Makadara mazungumzo yakaanza kuziacha vekta. Ngowa akajua kwamba Mwende hucheka mpaka machozi, na kwamba samaki akimkaanga huungua upande mmoja. Mwende naye akajua mengi, maana siku hizo ulimi wa Ngowa ulikuwa umefunguka.

Hata siku moja, mbele ya sahani ya viazi, Ngowa alifumba macho akasema, "Mwende, nataka kuwatuma wazee kwenu."

"Watume," Mwende akajibu. "Na wasichelewe."

Wazee wakaenda, wakapokewa kwa vigelegele.

Wiki ileile darasa likafanya jaribio la mwisho. Ngowa alisahihisha, kisha akarudia tena, asiamini. Vekta, wote wamepata. Hakuna aliyepoteza hata alama moja.

Akamwita Kahindi. "Hebu niambie, mwanangu. Mmezielewa lini hizi vekta?"

Kahindi alijikuna kichwa.

"Kwani Mwalimu Mwende hakukueleza, mwalimu? Ametwambia sasa twaweza kuandika majibu ya sawa."