Nguo za Jirani

Tone la kwanza la mvua lilimpata Haidari shavuni, naye akaruka ua wa mbao wa jirani.

Kwao Pemba, karafuu zikiwa zimeanikwa na mvua ikaja, huulizi ni za nani. Unaanua kwanza. Haidari alikuwa mkulima kabla watu hawajamchagua kuwa mwakilishi wao, na siku moja, akitoka kwenye kikao cha Baraza la Wawakilishi na suti yake mwilini, alianua hata za mtu aliyempinga kwenye uchaguzi.

Hapa Newtown, ugenini, hakuwa na shamba wala kiti. Alikuwa akingoja kujibiwa ombi lake la hifadhi ya ukimbizi. Nguo za jirani zilikuwa kambani, akazichomoa mbio mbio, mashuka, soksi, sidiria, mpaka mzigo ukamfika kidevuni.

Mlango ukafunguka. Jirani akapiga ukelele, simu sikioni.

Binti wa Haidari alikuwa dirishani kwao. Siku zote humjibu babake kwa Kiingereza. Sasa alilia kwa Kiswahili: "Baba, ziweke chini! Anawaita polisi!"

Haidari akatazama chini. Majani yalikuwa yamesharowa.

"Zitarowa, mwanangu," alisema, akazidi kuzikumbatia.