Toleo la Nje

Besi alizima redio kabla mstari wa kwanza haujaisha.

"Jamani, da, si wimbo wa mdogo wako huo?" alilalamika mteja aliyekuwa akisukwa. "Acha tusikilize."

"Redio imechemka, inapumzika," Besi alijibu, akamvuta nywele kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Ilikuwa hivyo kwa miaka mitatu sasa. Saluni, nyumbani, kwenye harusi za watu, wimbo ule ukianza tu, Besi ama kashika swichi ama kashika mlango.

Kundi lao lilikuwa la watu watatu: yeye, mdogo wake, na binamu yao mpiga kinanda. Yeye aliitwa Besi kwa sauti yake nzito, na mdogo wake, kwa sauti yake nyembamba, akaitwa Filimbi. Mjomba wao ndiye aliyekuwa meneja. Kwenye albamu, wimbo ule ulikuwa wa dakika tano na nusu. Filimbi alianza, Besi akafunga kwa ubeti mrefu ambao, kwa maoni yake mwenyewe, ndio uliokuwa roho ya wimbo.

Kisha kampuni moja ya nje ikaomba singo, santuri ya wimbo mmoja. Fundi mitambo wa studio akaukata wimbo, akauchangamsha, ukabaki dakika tatu. Ubeti wa Besi ukaishia sakafuni. Kwenye jalada ikawekwa picha ya Filimbi peke yake.

Singo ikapanda chati za huko mpaka namba tatu. Tiketi ya ndege ikaja moja.

Filimbi akaenda, akarudi, akaenda tena. Huko walimpandisha kwenye televisheni, magazeti yakamwandika, watoto wakamwomba sahihi. Besi alibaki na vichwa vya wateja wake, wivu umemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Viatu alivyoletewa zawadi alivisukuma uvunguni bila hata kuvijaribu.

"Hivi unawaimbia nini cha ajabu hao watu?" alimuuliza siku moja.

"Siimbi, dada. Wanapiga santuri, mimi nachezesha midomo."

"Maringo hayo."

Singo ya pili Filimbi aliirekodi huko huko nje. Ikafika namba ishirini na saba, ikateremka. Ya tatu iligota themanini na nane. Ya nne haikuonekana kabisa. Mjomba alipowasomea barua ya habari hiyo mezani, uso umemshuka, Besi aliinama juu ya sahani ili wasione anavyotabasamu. Siku hiyo aliongeza chakula mara mbili.

Mwezi uliofuata ikaja barua nyingine. Kampuni ilikuwa tayari kujaribu mara moja tu tena: wimbo ule ule wa kwanza, uimbwe upya.

Besi alisimama. "Mjomba, safari hii naimba mimi. Peke yangu. Yeye akiwemo, mimi simo. Chagua."

Mjomba alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Filimbi, ambaye alikuwa akikusanya makombo ya mkate kwa kidole, moja moja, kana kwamba kazi hiyo haitaki haraka.

"Aimbe dada," Filimbi alisema. "Kule nje hawajawahi kunipenda mimi."

"Usijifanye mnyonge hapa! Miaka mitatu umekula sifa, bado hujashiba?"

Filimbi alikung'uta makombo kwenye sahani, akainuka. Kufikia mchana alikuwa ameshafungasha nguo zake kwenda kukaa kwa shangazi yao. Besi alimbebea begi mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata siku moja alipokuwa akienda uwanja wa ndege.

Kesho yake asubuhi alikuwa studio, kavaa gauni lake la jukwaani. Fundi mitambo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akipangusa vumbi kwenye mashine ya utepe.

"Nataka toleo lile lile la nje," Besi alisema. "Mwendo ule ule. Ila sasa wasikie mtu anayejua kuimba."

Fundi akaacha kupangusa. "Mjomba wako hajakwambia?"

"Aniambie nini? Kwamba ulinikata? Hilo nalijua, baba. Nimelala nalo miaka mitatu."

"Ubeti wako niliukata, kweli." Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Wale watu walitaka wimbo wa haraka. Sasa nilipoongeza kasi, sauti ya mdogo wako ikalia kama mbu. Nilihangaika nayo siku mbili. Na jalada lilishachapwa, picha yake iko pale."

"Sasa ukafanyaje?"

"Unakumbuka alipougua koo, wewe ukaja hapa ukaimba wimbo mzima kwa niaba yake, ili wapiga vyombo wapate kukufuata?"

"Nakumbuka. Ulisema utaifuta."

Fundi alirudisha miwani usoni. Alitoa rafuni utepe wa singo, akauvisha mashineni, akabonyeza. Sauti nyembamba, changamfu, ikajaa chumbani. Kisha akashika kitufe cha mwendo, akaanza kupunguza kasi polepole. Sauti ikashuka, ikashuka tena, ikawa nzito, na Besi akajisikia mwenyewe akiimba.