Ruta ya Kibandani

Scola alikuwa juu ya ngazi, kichwa na mabega vimezama ndani ya dari, mkononi ameshika waya wa bluu ambao hakuupitisha yeye.

"Umeona kitu, mwanangu?" mzee Luhaga aliuliza kutoka chini. Alikuwa mlinzi wa getini, na ndiye aliyemshikia ngazi tangu asubuhi.

"Bado."

Ilikuwa wiki ya tano tangu wamzike Amoni. Hapakuwa na mtu katika ile ofisi ya usafirishaji pale Tunduma asiyejua kwamba tangazo la ndoa yake na Scola lilikuwa limeshasomwa kanisani mara mbili. Amoni alikuwa dereva. Safari ile haikuwa yake. Mwenzake aliamka na homa, naye akapewa gari lenye shaba kutoka Zambia. Kabla ya kufika Vwawa, watu walikuwa wamelisubiri. Walijua namba ya gari, walijua na saa. Shaba ikaenda, Amoni akaachwa kando ya barabara.

Tangu siku hiyo Scola hakuwa amelia. Alikula alipowekewa chakula, akalala alipoambiwa akalale. Akina mama wa kanisani walimshika mikono, wakamwambia alie tu, atapata nafuu. Aliwatazama, akawashukuru, akauliza kama chai imetosha.

Jumatatu, meneja wao, Bwana Fanuel, alimwita na kufunga mlango.

"Ratiba za magari anazijua nani? Mimi, na wewe unayetunza kompyuta. Basi. Mimi sijamwambia mtu. Wewe ndiye uliyefiwa. Kwa hiyo kuna kitu kimechomekwa humu ndani, kinatuibia taarifa. Kitafute, Scola. Fanya kwa ajili ya Amoni."

"Nitatafuta," Scola alisema.

Kompyuta yake ilimpa orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa kwenye mtandao wa ofisi. Viwili hakuvitambua. Cha kwanza hakikumsumbua: swichi ndogo ya kugawa mtandao, imejaa vumbi, chini ya meza ya Erica wa uhasibu. Tundu la mtandao ukutani lilikuwa moja tu, naye alitaka kompyuta na printa, akanunua swichi Nakonde, upande wa Zambia, na kuichomeka mwenyewe.

"Nisamehe dada," Erica alisema, macho yamemtoka. "Mimi nilidhani ni kama kuongeza soketi ya umeme."

Scola aliiandika kwenye daftari.

Cha pili kilikuwa ruta, kisanduku cha kurusha intaneti hewani. Kila siku saa saba mchana iliamka, ikafanya kazi nusu saa, ikazimwa. Hiyo ndiyo iliyompandisha darini.

Aliufuata ule waya juu ya vyoo, juu ya stoo, hadi ulipotoboa ukuta na kutoka nje. Akashuka ili ngazi isogezwe. Mzee Luhaga hakuisogeza.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema. "Waya huo unakuja kwangu."

Ruta ilikuwa kibandani kwake, nyuma ya dumu la maji, imefunikwa kwa kitambaa safi. Mzee alieleza huku amesimama. Binti yake, Nyanzobe, alitoka kwao Kamsamba mwaka juzi, akaenda Omani kufanya kazi za ndani. Simu aliruhusiwa kushika mchana tu, mama mwenye nyumba akijilaza. Ruta aliileta mpwa wake, na fundi aliyekuja kubadilisha mbao za dari akamsaidia kupitisha waya.

"Namwona uso, na yeye ananiona. Ni hilo tu. Siku nisipomwona, silali. Hayo mambo ya magari mimi nayajulia wapi? Wewe ni fundi. Si unaweza kuona kilichopita humo?"

Scola aliweza. Aliketi kwenye kigoda cha mzee, akaunganisha kompyuta yake na kupekua siku moja baada ya nyingine. Kila siku simu moja, kwenda Omani. Hakukuwa na kitu kingine.

"Umeona?" mzee aliuliza.

"Nimeona."

"Utamwambia meneja?"

"Nitamwambia nilichokikuta."

Akamwambia: ruta, kibandani kwa mlinzi, imefichwa. Bwana Fanuel hakuuliza zaidi, naye hakuongeza. Aliisogeza ngazi nje, kwenye tundu la ukuta, akaanza kuuvuta ule waya kutoka darini, akiuviringa taratibu kwenye kiwiko.

Saa nane walikuja polisi wawili. Mzee Luhaga alitolewa kibandani bila viatu. Alipofika karibu na ngazi alikaza miguu, akasimama.

"Waambie, mwanangu. Wewe umeona mwenyewe. Waambie."

Scola aliendelea kuviringa waya. Wakamvuta mzee, akaenda anageuka nyuma mpaka mlango wa gari ukafungwa.

Erica alilia. Madereva waliokuwa uani walivua kofia. Bwana Fanuel alimwekea Scola mkono begani.

"Sasa Amoni atapumzika."

"Ndiyo," Scola alisema.

Wengine walipoondoka, alibaki peke yake mezani. Alifuta vumbi la dari kwenye mikono, akaiweka ruta kwenye bahasha, akaandika tarehe juu yake. Simu yake ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe kutoka namba ya Zambia, ukianza kwa salamu ya kule.

"Mwapoleni, Scola. Mama yako kule Igamba hajambo? Jana tulimwona shambani. Gari la Alhamisi vipi?"

Alisoma mara moja tu. Akafungua ratiba, akaandika namba ya gari na saa ya kuondoka. Kisha akaongeza maneno yaleyale aliyowaandikia mara iliyopita: dereva asiguswe.