Komeo la Mgongoni

"Komeo limekufa, mama," mkwe alimwambia mama mkwe wake aliyekuwa fundi, akikiweka kisu cha kukunja juu ya meza yake ya kazi. "Kimejikunja chenyewe mke wangu akimenya viazi. Nusura kimkate vidole vyote."

Mama alimtazama binti yake. Alikuwa amesimama mlangoni, vidole vinne vimefungwa bendeji.

Akakikunjua kisu. Komeo likaingia kwenye pengo lake mgongoni mwa mpini: ta! Komeo la aina hii halitoki mpaka ulibonyeze kwa dole gumba.

Alikigonga mezani kwa upande usio na makali. Hakikukunjika. Akakigonga tena, safari hii kwa hasira, bisibisi zikaruka. Komeo halikusogea hata unywele.

Basi hakikujikunja. Kisu kilikuwa wazi, na binti yake aliyashika makali kwa mkono wake. Na mtu hashiki makali ila yakiwa yanamjia.

Sauti ya Mama haikubadilika.

"Kweli kibovu, baba. Kiache hapa. Na mwenzako abaki anishikie taa."

"Kwa mkono ule?"

"Huo mwingine unatosha."

Mkwe alicheka kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Nipe tu, mama. Nitatafuta fundi mwingine."

Binti aliizunguka meza bila kumtazama mumewe, akasimama nyuma ya mama yake.

Mama hakukikunja kile kisu.