Matanga Bila Kilio

Nilimzuia shangazi yangu kulia kwenye msiba wa mwanawe.

Mimi ni katibu wa ushirika wetu wa nyumba, na benki haisaini mkopo wa ujenzi mpaka bangili za kupima hisia walizovishwa wapangaji wote watarajiwa zimalize wiki nzima bila kusoma hasira wala kilio. Eti mtu mtulivu ndiye mlipaji mzuri. Wao hawajawahi kulala chini ya bati linalovuja! Bangili moja ikiwaka nyekundu, ushirika mzima unaanza upya, nasi tulishaanza upya mara tatu. Tukiwa bado tunasubiri, ukuta wa udongo wa shangazi ulilowa mvua ukamwangukia mwanawe Shekue usingizini.

Basi tukakaa matanga kama watu wanaongoja zamu hospitalini. Wanawake waliokuja wakilia niliwapokea njiani, nikawaomba wanyamaze. Shangazi alishinda jikoni akimenya vitunguu, labda bangili ingeamini machozi ni ya vitunguu.

Wiki ikaisha. Ofisa wa benki akaja mpaka msibani, akasaini, akanipa mkono.

"Hongereni sana. Na poleni na msiba."

"Sasa tuzivue," nikamwambia. "Mama wa watu amlilie mwanawe."

"Bado, dada. Mtazivaa mpaka mmalize kulipa."

Nyuma yangu nikamsikia shangazi akitua kisu, kisha akivuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayetaka kupiga yowe.

Safari hii sikugeuka kumzuia.