Hitma Mbele ya Jangwa

"Hitma ya marehemu mumeo mtaisomea wapi mwaka huu, Bi Mwanamize?" jirani yake, Bi Rukia, alimuuliza Jumatatu.

"Twaha kasema ameshapata mahali," alijibu kwa fahari, kwani mwanawe ndiye aliyeshika shughuli yote.

Mahali penyewe palikuwa mgahawa wa Kimarekani ukingoni mwa mji, ukuta mzima wa kioo ukitazama jangwa. Meza ilikuwa ya watu wawili. Baga ililetwa juu ya kipande cha ubao, kana kwamba jumba zima halina sahani, na chipsi zimesimamishwa ndani ya kikopo cha bati.

"Wasomaji wako wapi?" Bi Mwanamize aliuliza.

"Mama, siku hizi nani anahangaika na masufuria ya pilau na majirani wa kulisha? Hebu ona mandhari. Baba tutamkumbuka kwa utulivu."

"Baba yako alizikwa na majirani hao hao. Wewe ulikosa ndege."

"Punguza sauti, Mama. Watu wanatutazama."

"Basi msomee wewe. Yasini tu, inamtosha."

Twaha alizitupia jicho meza za pembeni, akachukua simu, akaupiga picha ule ubao. "Nitamsomea nyumbani."

Bi Mwanamize alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi aliyeangukia chai. Akaweka buibui lake sawa, akatoka. Walaji wote wakamwona nje ya kioo, amesimama mchangani katikati ya mandhari yao, ameinua viganja.