Picha Isiyo na Bahari

Mjini walimtania Fumo kwamba mwisho ataoa korongo, maana kamera yake haikujua sura ya binadamu. Ilijua ndege, kaa na mawimbi tu. Basi Bi Mwanaheri alipomwita akalipige picha kaburi la mumewe kabla halijamezwa na maji, alikwenda mbio, asijue anajitia wapi.

"Ila hiyo bahari usinitilie," alisema bibi. "Imeshakula nusu ya kaburi. Nayo niitundike ukutani kwangu?"

Fumo akasogea kushoto, bahari. Akasogea kulia, bahari. Akalala kifudifudi mchangani, na povu likachungulia juu ya jiwe.

"Haikwepeki, bibi."

"Miaka yote unaipiga picha, leo kuiacha huwezi? Wewe mpiga picha au mkwe wake?"

Bibi akacheka peke yake. Kisha akajitandua kanga yake ya maua, akashuka nyuma ya kaburi, akaitandaza kwa mikono miwili kama pazia la studio.

"Haya, mwanangu. Piga."

Fumo akafumba jicho moja. Upindo wa kanga ulikuwa umeanza kulowa.

"Tayari?" Bi Mwanaheri akauliza kutoka nyuma ya nguo, na maji yakazidi kupanda, ua moja baada ya jingine.